Jogoo wa Sakina na Rungu la Timu ya Taifa

Kama kuna kuku waliofundishwa adabu pale Sakina, mtaa wa Arusha, walifundishwa na Lesian. Kila asubuhi mkewe, Nashipae, alitandaza turubai mbele ya nyumba, akamwaga mahindi ya kuanika, akamsukuma mumewe kwenye kiti mwendo mpaka ukingoni mwa turubai, akamwekea ndoo ya magunzi pembeni, kisha akaenda zake gengeni. Kuanzia hapo mpaka mahindi yanapozolewa, hapakuwa na kuku aliyedonoa punje akaondoka bila kitu cha kukumbuka.

Lesian hakuzaliwa mlinzi wa mahindi. Alizaliwa magharibi ya Mlima Meru, akachunga ng'ombe wa baba yake, akakua, akaoa, akapata binti, Nosim, ambaye sasa yuko shule ya bweni. Mwaka ule Nosim alipoanza kutembea, Lesian alipanda juu ya nyumba ya shemeji yake kupiga bati. Upepo ukaja, ukalitaka bati kuliko alivyolitaka yeye, naye akakataa kuliachia mpaka wakaanguka pamoja, yeye akitanguliza shingo.

"Ningeliachia, leo ningekuwa natembea," husema akiulizwa. "Lakini lilikuwa bati zuri, la geji nene."

Shingo ilipona. Miguu haikurudi. Vidole vya mikono vilirudi nusunusu, kama watu waliokwenda msibani kisha wengine wakaamua kulala hukohuko. Ngumi hawezi kukunja, na kikombe hukibana kwa viganja viwili. Ila bega la kulia lilibaki bega la mchungaji, na walipohamia Sakina ili wawe karibu na hospitali na soko la mahindi, bega hilo likapata kazi.

Gunzi alilichomeka katikati ya kidole cha shahada na cha kati, akapeleka mkono nyuma ya sikio, akauachia. Wala hakurusha ovyo. Kifaranga kilirushiwa mbele ya miguu ili kigeuke. Kuku mwenye vifaranga aligongwa ubavuni kidogo tu, kwa heshima ya uzazi. Jogoo wa jirani ndiye aliyepigwa mkiani bila huruma.

Jogoo huyo alikuwa wa Aminieli, fundi magari ambaye gereji yake ilipakana na nyumba yao. Aliitwa Mheshimiwa, kwa sababu alitanguliza kifua, alikuwa na kilemba chekundu kilicholalia jicho moja, na alizoea kufika akiwa amechelewa huku akitaka kula kwanza. Kati yake na Lesian palikuwa na ugomvi wa miaka. Mheshimiwa alikuja kila siku, alipigwa kila siku, na kesho yake alikuja tena akiwa amebuni njia mpya ya kuzunguka.

Aminieli mwenyewe alishinda chini ya magari, miguu tu ikionekana, lakini kwa maneno alimshinda mtu aliyesimama.

"Sanamu!" aliita kutoka huko chini. "Umemfanya nini Mheshimiwa wangu, mbona amekuja analalamika?"

"Mwambie ale kwake."

"Kwake kuna oili na grisi tu, jirani. Mhurumie."

Jina hilo la Sanamu alilitoa kwenye zile sanamu za matambara ambazo watu husimamisha shambani kufukuza ndege. Sakina nzima ililidaka. Lesian alicheka pamoja nao, maana asiyecheka utani huongezewa. Lakini Nashipae alijua. Siku moja mteja aliuliza, "Samahani, hapa ndipo kwa Mama Nosim, kwa yule Sanamu?" Jioni hiyo Lesian hakugusa loshoro yake. Na mtu wa kwao akiacha mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, basi kuna jambo.

Mwalimu Evaresta alifika siku ya Jumamosi kununua mahindi ya makande. Alikuwa mwenyeji wa Kilimanjaro aliyehamia Lemara, mwalimu wa michezo, mwenye sauti ya filimbi na filimbi yenyewe shingoni. Wakati Nashipae akipima mahindi, Mheshimiwa alikuwa amepanda juu ya rundo la matairi mabovu kule mwisho wa gereji, akilikagua turubai kwa jicho lake moja. Lesian alichomeka gunzi. Lilipita juu ya gari moja na juu ya Aminieli aliyekuwa akinywa chai, likamwondoa Mheshimiwa matairini.

"Wewe kaka!" Mwalimu Evaresta aliacha mfuko wake ukiwa wazi. "Hebu rudia!"

"Nirudie vipi, Mwalimu? Ameshakimbia."

"Vidole vyako hivyo vinakunjika?"

"Havikunjiki."

"Miguu?"

"Nayo haina habari."

"Mungu wangu, wewe ni wa kwetu!" Mwalimu alisema, akakaa juu ya gunia la watu bila kukaribishwa.

Akawaeleza. Kwenye mashindano makubwa ya kimataifa ya wanamichezo wenye ulemavu, ambako mataifa hupeleka timu zao zikiwa na bendera na wimbo wa taifa, kuna mchezo wa watu wasioweza kushika mkuki wala kisahani kwa sababu mikono yao haina nguvu ya kushika. Hao hufungwa kwenye kiti, wakarusha rungu.

"Rungu?" Nashipae aliacha kupima. "Rungu hilihili la wanaume?"

"Limechongwa kama chupa. La mbao, na chuma kidogo kwenye kitako."

"Na wanampiga nani?"

"Hapigwi mtu, Mama Nosim. Anayelifikisha mbali ndiye mshindi."

Mume na mke walitazamana. Lesian alimwuliza mkewe kwa Kimaasai kama mwalimu huyu alikuwa na ndugu zake hapa mjini, wa kumpeleka nyumbani. Nashipae alimjibu kwamba mbona mahindi ameyachagua kwa akili timamu.

Lakini usiku kabla ya kulala Lesian alisema, "Timu ya taifa hawawezi kumwita mtu Sanamu."

"Hawawezi," Nashipae alisema.

"Jezi inaandikwa jina."

"Inaandikwa."

Asubuhi akamtuma mkewe ampigie Mwalimu simu.

Kiti cha kurushia alikitengeneza Aminieli. Alichomelea mabomba ya chuma, akafunga juu yake kiti cha gari aina ya Noah lililopata ajali, pamoja na mkanda wake. Usafiri wa kwenda uwanja wa shule kule Lemara ulikuwa pia kazi yake: kila gari lililopona gerejini lilijaribiwa mpaka Lemara na kurudi, likiwa na Lesian mbele, kiti nyuma, na mwenye gari akiamini bado linasubiri spea.

"Simfanyii hisani Sanamu," Aminieli alimweleza Mwalimu. "Nataka nione mwisho wake. Wewe Sanamu, nisikilize mbele ya shahidi. Siku utakayopita mita ishirini mbele ya wazungu na waamuzi wao, nitakuita Lesian mpaka nife. Usipopita, unarudi kwenye turubai lako na jina lako lilelile."

Mwalimu akaongeza kwamba mita ishirini ndiyo alama ambayo viongozi wa timu nao wanaitaka. Basi ikawa ishirini.

Siku ya kwanza walimfunga mikanda, wakamchomekea rungu vidoleni. Mbele yake uwanja ulikuwa mtupu, nyasi tu, na Meru kwa mbali amejifunika wingu.

"Rusha, kaka Lesian!"

"Wapi?"

"Mbele."

"Mbele kuna nani?"

"Hakuna mtu. Kuna nyasi."

Lesian alizitazama zile nyasi kwa muda mrefu. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi katika hayo machache yalihusu rungu. Rungu halichezewi. Halirushwi kwa kuonyesha mkono. Ukilirusha, pawe na mnyama, mwizi au nyoka, na uwe umekwisha kuamua. Alipokuwa na umri wa kuchunga ndama, Lesian alirusha rungu hewani ili aone litafika wapi, na baba yake akamtuma alifuate, na alipolileta akamtuma tena alipeleke na kulirudisha, mpaka jua likazama. Hakulisahau somo hilo. Bega lake ndilo lililokuwa halijalisahau zaidi.

Akarusha. Rungu likaanguka karibu kama mtu aliyeishiwa hamu.

Mwalimu alileta koni ya plastiki, akaiweka mbali. "Haya, lenga hiyo."

"Hiyo koni imenikosea nini?"

"Jamani! Si lazima ikukosee!"

Alirusha tena, kwa adabu. Wiki zikapita hivyo. Mwalimu alipuliza filimbi, akaimba, akakasirika, akamwombea. Rungu lilifika nusu ya njia na kupumzika. Ndipo siku moja Aminieli, aliyekuwa ameegemea gari la mtu akitafuna muwa, akasema, "Mnamwonea bure. Huyu harushi mpaka awe na ugomvi." Kesho yake akaja na Mheshimiwa kwenye tenga.

Walimfunga mguu kwa kamba, mbali kuliko rungu lolote lilivyowahi kufika. Mheshimiwa alijikung'uta, akanyoosha shingo, akamwona Lesian. Lesian naye akamwona. Aminieli akamwaga punje chache za mahindi mbele ya jogoo, na jogoo akainama kuzidonoa taratibu, jicho likiwa kwa adui yake.

"Ni mahindi yetu hayo?" Lesian aliuliza.

"Ya kwenu. Nimechota asubuhi."

Rungu lilitoka nyuma ya sikio likivuma. Halikumfikia Mheshimiwa, lakini liliangukia mahali ambapo hata koni haikuwahi kuwekwa, na jogoo akaruka mpaka kamba ikamrudisha.

"Ukimuua, mimi na wewe mpaka kwa balozi wa nyumba kumi!" Aminieli alipiga kelele huku akicheka mpaka muwa ukamtoka.

Toka siku hiyo, kila rungu lilipomkaribia, Mheshimiwa alisogezwa nyuma, na Lesian akamfuata. Kwenye majaribio ya taifa kule Dar es Salaam Mwalimu alisafiri na tenga mapajani, akiwaambia abiria kwamba anampelekea shangazi yake zawadi. Alimfunga nje ya mistari, kando ya uzio, ambako hakuna sheria iliyomkataza kuku kusimama. Lesian akapita ishirini. Mwamuzi mmoja aliuliza kwa nini mwanamichezo yule anaongea na kuku. Mwalimu alimjibu kwamba watu wa milimani wana mambo yao.

Jina likatoka kwenye timu: Lesian, kurusha rungu.

Tatizo lilijulikana uwanja wa ndege. Aminieli alikuja kusindikiza akiwa na tenga, tena Mheshimiwa amekwisha kuogeshwa. Mkuu wa msafara, Bwana Aristides, mtu mnene mwenye tai ya rangi za bendera, aliinama akachungulia ndani.

"Hiki nini?"

"Vifaa vya michezo, mzee," alisema Aminieli.

"Kuku hapandi ndege."

"Kwani yeye mwenyewe ni nani, si ndege?"

"Rudisha kuku Arusha, bwana, kabla sijakurudisha wewe na kuku."

Lesian aliinuliwa kuingizwa ndani, shingo ikiwa imegeukia lile tenga. Kitu cha mwisho alichosikia ni Aminieli akipaza sauti: "Ishirini, Sanamu! Bila ishirini usinisalimie!"

Huko walikokwenda ilikuwa Ulaya, nchi ambayo jua lilisahau kuzama mpaka watu wamekwisha kulala. Lesian alipewa chumba kimoja na Thomasi, mkimbiaji asiyeona, ambaye hukimbia akiwa amefungwa kamba mkononi na mwenzake anayeona. Thomasi alikuwa mcheshi na alikoroma. Usiku wa kuamkia mashindano, Lesian alimweleza habari yote, kuanzia bati mpaka jogoo.

"Hebu nielewe," alisema Thomasi kutoka kitandani kwake. "Mimi nakimbia kwa kasi yangu yote kwenda nisikokuona. Wewe unaona uwanja mzima, halafu huwezi kurusha kwa sababu hujaona kuku?"

"Si kuku yeyote. Mheshimiwa."

"Sasa hapa tutakupatia wapi mtu wa kugombana naye? Watu wenyewe wastaarabu mno. Leo nimemkanyaga mmoja, yeye ndiye akaniomba samahani."

Lesian alikubali kwamba hilo ndilo lililokuwa likimtia wasiwasi.

Asubuhi wakamfunga mikanda kwenye kiti, Mwalimu Evaresta akakaza ya mwisho, akamchomekea rungu, akaondoka kwenda kusimama na makocha wengine. Katika mchezo wao mtu hurusha mara sita mfululizo, wengine wakisubiri. Uwanja ulikuwa mkubwa, watu wengi, na mbele yake nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha mwanafunzi. Mistari myeupe. Hakukuwa na majani marefu ya kuficha nyoka, wala mwizi, wala punje moja ya mahindi.

Rungu la kwanza likafika kumi na tano. La pili, kumi na tano. La tatu pia, sentimita tu ndizo zilizotofautiana.

"Kaka Lesian!" filimbi ya sauti ya Mwalimu ilivuka uwanja. "Mkasirikie mtu!"

Lesian alitafuta. Alimfikiria shemeji yake, lakini shemeji alikuwa mtu mwema, mpaka leo hulitaja lile bati kanisani. Alimfikiria Bwana Aristides, lakini mzee huyo ndiye aliyembeba mgongoni kwenye ngazi za hoteli lifti ilipokataa. Akainua macho, na ndipo akaona.

Kule mbali, kupita kidogo mstari wa ishirini, palikuwa na kofia nyekundu. Chini ya kofia palikuwa na shingo iliyonyooshwa mbele na kifua kilichotangulia. Mwenye kofia alikuwa akitembea nyasini akinyanyua miguu juu na kuiweka taratibu, akiinama, akitazama ardhi kwa upande kana kwamba anatafuta cha kudonoa.

Mheshimiwa!

Bega lilikwenda lenyewe. Mkono ulikuwa umeshapita sikio wakati mwenye kofia alipoivua ajifute jasho, na nywele nyeupe pe zikawaka juani. Mzee! Mzee wa mvi, mwamuzi wa uwanja, anayesimama huko kuonyesha rungu lilipoangukia. Lesian aliukunja mkono dakika ya mwisho, na rungu likatoka kando, likaenda kugonga wavu uliozungushwa mahali pa kurushia. Bendera nyekundu ikapepea. Halikuhesabiwa.

Alikuwa ameinua rungu kumrushia mzee wa watu! Kule kwao hata kunyoosha kidole mbele ya mtu wa umri ule ni jambo la kuitiwa kikao. Na bado mzee alisimama palepale, njiani kabisa, katika sehemu pekee ya uwanja ule iliyompa mkono wake nguvu.

Yalibaki mawili. Lesian akaomba akili, na akili ikaja kwa sura ya njia nyembamba ya kwao, inayoteremka kutoka mlimani katikati ya migomba. Akaona mtoto anayetumwa haraka, na mbele yake mzee anatembea na fimbo, polepole. Mtoto hawezi kumpita mzee hivihivi kama mbuzi. Humsalimu. Akishaitikiwa, hupita, na akipita hupita upesi, haburuti miguu mbele ya mtu mzima aliyemwachia njia.

Lesian akavuta pumzi mpaka mikanda ikamkaza.

"Shikamoo, mzee!" alipaza sauti.

Mwenye kofia nyekundu akainua kichwa, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaelewa kwamba anaambiwa yeye. Hakujua la kujibu, basi akainua mkono wake juu na kuupunga taratibu.

Lesian alilichukua hilo kuwa ni marahaba. Ruhusa ilikuwa imetoka.

Rungu liliondoka. Halikwenda kumtafuta mtu, lilikwenda kupita. Lilipanda likiviringika, likampita mzee akiwa bado ameinua mkono, likatua nyuma yake. Mzee akaruka juu, miguu yote miwili, mabawa yametanuka, kama Mheshimiwa mtupu. Kisha akaruka tena, safari hii akionyesha mahali lilipoangukia. Wapimaji wakakimbia na utepe. Ubao ukaandika ishirini na moja na sentimita kadhaa.

Sauti ya Mwalimu Evaresta haikusikika. Baadaye ilijulikana alikuwa ameimeza filimbi nusu, na kocha wa nchi nyingine ndiye aliyempiga mgongoni ikatoka.

La sita halikufika hapo. Mzee wa watu alikuwa amejisogeza mpaka karibu na uzio, na zaidi ya hayo walikwisha kusalimiana. Mtu hamwamkii mzee mara mbili kwa safari moja.

Lesian alikuwa wa sita kati ya tisa. Medali hakupata. Lakini alipokuwa akifunguliwa mikanda, mzee wa kofia nyekundu alikuja kwa miguu yake ya kunyanyua, akamwuliza Mwalimu lile neno lilikuwa laana gani.

"Amekusalimu," Mwalimu alimweleza kwa Kiingereza. "Kwao mtu mkubwa hapitwi bila salamu."

Mzee aliivua kofia yake. Kisha akasema kwamba amesimama kwenye viwanja hivyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, amerushiwa mikuki, visahani na vyuma vya kila aina, na leo ndiyo mara ya kwanza kitu kimebisha hodi. Akamshika Lesian vidole vyake vyote, vile visivyokunjika, akavitikisa.

Usiku Thomasi aliposimuliwa, alicheka mpaka majirani wakagonga ukuta. "Kesho nami nitawaamkia walio mbele yangu wote," alisema. "Huenda wakanipisha."

Walirudi Arusha siku ya Jumapili, watu wakitoka ibadani. Gari lililowachukua kutoka uwanja wa ndege lilikuwa la mtu anayesubiri spea. Aminieli aliendesha bila kusema neno, jambo ambalo Nashipae, aliyekuja kumpokea mumewe, hakuwahi kuliona tangu ahamie Sakina. Alikuwa ametazama yote kwenye simu, pamoja na gereji nzima.

Walipofika, alizima injini, akakaa.

"Karibu nyumbani, Lesian," alisema. Neno lilimtoka kwa tabu kama nati iliyoota kutu, lakini lilitoka lote.

"Asante, jirani."

"Sasa shuka upesi, kuna tatizo. Mheshimiwa anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Ndiyo nakwambia uone. Toka uondoke hali chakula. Mama Nosim shahidi."

Nashipae alithibitisha. Siku ya kwanza aliposikia mumewe amepanda ndege, alijua mahindi yamekwisha. Mheshimiwa alikuja kwa wakati wake, kifua mbele, akazunguka kwa njia zake za wizi, akafika ukingoni mwa turubai. Akasubiri. Hakikuja kitu. Akanyoosha shingo kutazama mahali pa kiti mwendo, akaona patupu. Akadonoa punje moja, akaitema, akasimama. Kila siku akawa anakuja kusimama palepale, hali, haendi, mpaka kuku wengine nao wakaogopa kusogea kwa kudhani pana jambo. Wapita njia wakampa jina. Mahindi hayajawahi kukauka salama hivyo.

"Jina gani?" Lesian aliuliza.

Aminieli alitazama pembeni. "Sanamu," alisema.

Wakamsukuma mpaka ukingoni mwa turubai. Jogoo alikuwa pale, amekonda, kilemba kimeangukia macho yote mawili. Nashipae alisogeza ndoo ya magunzi bila kuambiwa. Lesian akachagua moja jepesi, akalichomeka katikati ya vidole, akapeleka mkono nyuma ya sikio.

"Mkiani," Aminieli alisihi. "Mkiani tu, Lesian, tafadhali."

Gunzi lilimpata mkiani. Jogoo aliruka juu, akapiga kelele za kuitia mtaa mzima, akakimbia mpaka kwenye matairi, akapanda, akajikung'uta. Akalitazama turubai kwa jicho moja. Kisha akashuka upande wa pili, taratibu, na kuanza kuzunguka kwa nyuma ya gari la mtu.